Anayefukia Kidimbwi Ajue Anachofukia

Mikocheni ilipata jina lake kutokana na mikoche, miti ya ukoo mmoja na minazi na mivumo, ipendayo kuota mahali ambapo maji hayako mbali na mizizi. Mikoche imepungua sana, na mahali pake pamesimama kuta, mageti na viwanda vidogo vidogo. Lakini maji hayajahama. Kila masika yanapoingia, viwanja vya Mikocheni na Msasani, na mabonde yote ya Kinondoni na Temeke, hurudia hali yake ya zamani, na kwa wiki kadhaa maji hutuama mahali ambapo mwezi wa Agosti watoto walikuwa wakicheza mpira. Mwenye nyumba huagiza lori la kifusi. Bwana afya huona mbu. Mpita njia hukunja suruali, akashika viatu mkononi na kulaani. Hao wote hatuwalaumu. Leo tungependa kumzungumzia mkazi mwingine wa maji ya namna hiyo, ambaye hapigi kura, hana hati ya kiwanja, na ambaye nchi yetu ina aina zake nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Mkazi huyo ni samaki wa msimu, ambaye wataalamu humwita kwa jina la jamii yake, Nothobranchius. Wengi wa jamii hii hawazidi urefu wa kidole cha mtu mzima. Jike lina rangi ya tope na haligutushi macho. Dume ni jambo jingine kabisa: yule wa Unguja, kwa mfano, ana magamba ya kijani na buluu yenye kingo nyekundu, na mkia mwekundu uliotiwa wanja mweusi pembeni. Mtu akimwona kwa mara ya kwanza ndani ya chupa ya maji safi hasadiki kwamba katoka katika shimo la tope kando ya barabara.

Ajabu yake kubwa, hata hivyo, haimo katika rangi. Kidimbwi anachoishi hukauka kabisa kila mwaka, na kikikauka samaki wote waliomo hufa, wakubwa kwa wadogo. Hakuna anayekimbilia mtoni, wala anayejichimbia ardhini kama afanyavyo kambare mamba. Kinachobaki ni mayai. Katika wiki chache za uhai wake jike hutaga karibu kila siku, yai moja moja, akilizika ndani ya tope. Yai lenyewe halizidi ukubwa wa punje ya ulezi, na ganda lake ni gumu. Maji yakiondoka, udongo ukapasuka kwa jua, yai hubaki chini likiwa hai, kiinitete kilichomo kikiwa kimesimama kukua kama mtu aliyelala usingizi. Mvua zinaporudi na maji yakatuama tena, samaki mchanga hutoka, na baada ya wiki chache tu amekwisha kuwa mzazi. Kuna ndugu yake mmoja wa huko Msumbiji na Zimbabwe, Nothobranchius furzeri, ambaye watafiti walieleza mwaka 2018 kwamba porini anaweza kukomaa na kuzaa siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo anayejulikana kumshinda kwa upesi huo.

Hapa tungemwomba msomaji atue kidogo, maana kuna hekima ambayo sisi wakazi wa pwani tunaweza kuielewa haraka. Mvua zetu si za kuaminika. Vuli huja na manyunyu ya siku tatu, kidimbwi kikajaa, kisha jua likawaka wiki mbili na maji yote yakatoweka. Kama mayai yote yangeanguliwa kwa manyunyu yale ya kwanza, ukoo mzima ungekwisha siku hiyo. Ndiyo maana mayai ya jike mmoja, yaliyotagwa katika tope moja, hayaamki pamoja. Usingizi wao una vituo vitatu katika kukua kwa kiinitete, na kila yai hukaa katika kila kituo kwa muda wake, au hukipita bila kusimama. Mengine huanguliwa kwa mvua ya kwanza, mengine husubiri ya pili, na yako yanayopitisha msimu mzima. Mkulima anayeweka mbegu nyingine ghalani asipande zote kwa mvua moja hahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Watu wengi huamini kwamba samaki hawa huanguka na mvua. Si imani ya kuchekwa. Mtu ambaye ameliona shimo likiwa kavu miezi sita, kisha akaona samaki ndani yake kabla mwezi wa mvua haujaisha, alikuwa na sababu nzuri ya kutazama juu.

Ni lazima tuseme mapema, ili tusieleweke vibaya na maofisa wetu wa ardhi na afya, kwamba si kila dimbwi lina samaki hawa. Maji ya kutuama juu ya mchanga hupotea upesi, na mayai katika mchanga hukauka. Samaki huyu hutaka udongo mzito wa mfinyanzi, hasa ule mweusi wa mbuga ambao hupasuka wakati wa kiangazi lakini huhifadhi unyevu kidogo chini. Hutaka pia maji yakauke kweli, kwani katika maji ya kudumu wamo samaki wakubwa watakaomla. Kwa hiyo hatudai kwamba kila dimbwi la Mikocheni ni hazina. Tunachodai ni kwamba hakuna awezaye kujua kipi ni kipi kwa kutazama wakati wa kiangazi, na kwamba tumezoea kuamua bila kutazama wakati wowote.

Historia ya kugunduliwa kwa samaki hawa ni historia ya wageni. Mjerumani Wilhelm Peters alimwandika wa kwanza mwaka 1844 kutoka Msumbiji. Miaka ya 1888 na 1889 Franz Stuhlmann alikusanya samaki wa Afrika Mashariki, wakiwamo wa Unguja, na mwaka 1893 Georg Pfeffer wa Hamburg akamtangaza samaki wa Unguja kuwa aina mpya, akampa jina la guentheri kwa heshima ya Albert Günther, mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya London. Mwaka 1896 Pfeffer huyo huyo akamwandika melanospilus, ambaye twamkuta katika nchi tambarare za pwani ya bara.

Kisha kimya kirefu. Mambo yalifumuka tena katika miaka ya 1970, wakati wapenzi wa samaki wa mapambo kutoka Ulaya walipoanza kuzunguka na nyavu ndogo za mkono kando ya barabara zetu. Mwaka 1973 alitangazwa korthausae wa kisiwa cha Mafia. Mwaka 1977 Mholanzi Ruud Wildekamp aliandika aina kadhaa mpya, miongoni mwao janpapi na lourensi, wote wa bonde la Ruvu, mto ambao wengi wetu hapa mjini twanywa maji yake. Katika miaka ya 1980 Mjerumani Lothar Seegers akamwongeza eggersi wa upande wa Rufiji, na luekei na rubripinnis wa mto Mbezi. Tunasema Mbezi ule ulio kusini mwa jiji, kwenye njia ya Kibiti, si Mbezi ya Kinondoni. Mwaka 1998 akaja albimarginatus kutoka Kiparang'anda, wilaya ya Mkuranga.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo kazi imekwisha. La hasha. Mwaka 2017 Mafia ilipata aina nyingine, insularis, maana yake "wa kisiwani". Mwaka 2021 ikatangazwa nikiforovi kutoka mkoa wa Lindi. Hata huko kati, katika nchi kavu ambako mgeni hawezi kufikiri kuna samaki, Itigi nayo imetoa jina lake kwa aina mpya katika miaka ya karibuni. Jamii nzima sasa ina aina zaidi ya 90.

Kwa nini aina mpya hazijakoma kupatikana? Sababu ya kwanza ni kwamba kila bonde limefungiwa peke yake. Samaki wa Ruvu hawezi kupanda kilima akaenda Rufiji, na kwa kuwa maisha yake yote ni ya kidimbwi kimoja, watoto wake hubaki pale pale karne kwa karne mpaka wakawa tofauti na wa jirani. Vipimo vya vinasaba sasa huonyesha tofauti ambayo jicho halikuiona. Sababu ya pili ni ya kibinadamu zaidi, na tunaitaja kwa tabasamu: samaki huyu huonekana wakati ule tu ambapo barabara hazipitiki. Mtafiti hupanga safari yake Julai, gari lipite, apate picha nzuri, akute udongo uliopasuka. Na si mtafiti peke yake. Mpimaji wa viwanja, mhandisi wa barabara, mjumbe wa tathmini ya mazingira, wote husafiri kiangazi. Huandika katika fomu kwamba eneo ni nyasi kavu, halina maji, halina viumbe wa majini. Hawakusema uongo. Walikuja mwezi usiofaa.

Kwa ndugu zetu wa visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Wakati wa zama za barafu bahari ilikuwa chini sana kuliko ilivyo sasa, na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Bahari ilipopanda, yapata miaka elfu kumi na kidogo iliyopita, mkondo wa chumvi ukawatenga samaki wa vidimbwi waliokuwa upande ule. Samaki wa maji baridi wa ukubwa wa kidole havuki bahari. Guentheri amebaki Unguja, na duniani kote hana kwao pengine. Kisiwa chenyewe hakifikii kilomita za mraba 1,700, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu karibu watu milioni 1.9 katika Zanzibar nzima, walio wengi wakiwa Unguja. Mashamba ya mpunga, nyumba, barabara na machimbo ya mchanga yote yanagombea mabonde yale yale. Mafia nayo ni hivyo hivyo, isipokuwa Mafia bado ina nafasi ya kupumua.

Wapo watakaouliza: samaki asiyeliwa ana faida gani? Swali hili tumelisikia katika mabaraza mengi, na halistahili kejeli. Mwaka 1972 watafiti wa Marekani walichapa matokeo ya uchunguzi juu ya kukomaa na urefu wa maisha ya dume wa samaki wa Unguja, huyu huyu guentheri, wakitaka kujua kiumbe huzeeka vipi. Sababu ya kumchagua ni nyepesi. Panya huchukua miaka miwili au mitatu kuzeeka. Samaki huyu huanza kuchoka, kupoteza rangi na kupinda mgongo kabla mwaka na nusu haujatimia. Baadaye furzeri, aishiye miezi michache tu, alichukua nafasi ya mbele, na leo maabara za Köln na Jena nchini Ujerumani zina matangi mengi ya samaki hao kwa ajili ya elimu ya uzee, na ramani kamili ya vinasaba vyake ilichapishwa mwaka 2015. Watafiti wa China nao wamemtumia guentheri kujaribu dawa za kurefusha maisha. Kwa maneno mengine, mtoto wa kidimbwi cha Unguja amekuwa mwalimu katika vyuo vikuu vya mabara matatu, ilhali watoto wetu wa shule wanaopita ukingoni mwa kidimbwi chake hawajaambiwa jina lake.

Na anapelekwa vipi huko? Wafugaji wa samaki wa mapambo hukusanya mayai katika majani yaliyooza yenye unyevu kidogo, wakayafunga katika mfuko wa plastiki, wakautia ndani ya bahasha na kubandika stempu. Yai lililoumbwa kuvumilia kiangazi cha Afrika Mashariki halishindwi na safari ya posta.

Suala la mbu ni zito zaidi, na hapa hatutaki kuwadanganya wananchi. Ni kweli kwamba mbu wa malaria hupenda maji ya mvua yaliyotuama juani. Ni kweli pia kwamba samaki hawa hula viluwiluwi vya mbu kwa pupa, na tangu miaka ya 1940 mtaalamu F. L. Vanderplank aliandika katika jarida la matabibu la Afrika Mashariki juu ya kuwatumia kupambana na malaria. Lakini samaki hawezi kuwa mbadala wa bwana afya. Kidimbwi kikijaa leo, samaki huanza akiwa mdogo mno, na siku za kwanza mbu humtangulia. Tena nyayo za ng'ombe na mashimo ya magurudumu hayana samaki kabisa. Ama homa ya dengi, iliyolisumbua jiji letu mwaka 2014 na tena mwaka 2019, mbu wake huzaliana zaidi katika makopo, matairi na mapipa. Anayefukia bonde zima ili kuiepuka, huku matairi yamelala nyuma ya gereji yake, hajafanya kazi ya afya. Amepata kiwanja.

Aidha tungependa kuonya juu ya wema usio na elimu. Mtu asichukue samaki wa bara akawamwaga katika vidimbwi vya Unguja kwa nia ya kuua mbu, wala asitie perege katika shimo la msimu kwa nia ya kitoweo. Wa kwanza atachanganya damu ya ukoo uliotengana miaka elfu kumi. Wa pili atakula mayai na wazazi, kisha naye atakufa maji yakikauka, na hapo patakuwa hapana kitu.

Tukirudi kwetu Dar es Salaam, sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3, na jiji linakua kwa kufuata barabara. Barabara ya Kilwa, inayopita Temeke kuelekea Mkuranga, inapita katikati ya nchi ya rubripinnis, luekei na albimarginatus. Maeneo ya samaki hawa si mapana. Baadhi yao hujulikana kutoka mahali pa kuhesabika kwa vidole, na mahali penyewe pengine ni shimo la kando ya daraja. Lori thelathini za kifusi hutosha. Jirani zetu wa Kenya wamelionja jambo hili: mwaka 2024 ilitangazwa aina mpya, sylvaticus, kutoka mabaki ya msitu wa Gongoni, Kwale, na waandishi wake walimtangaza papo hapo kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Cheti cha kuzaliwa na hati ya maradhi vilitiwa sahihi kwa kalamu moja.

Hata asiyejali samaki ana hoja ya kujali. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu karibu arobaini jijini na kuwafanya mamia ya kaya kuhamishiwa Mabwepande. Bonde lililokuwa likipokea maji ya masika likifukiwa, maji hayafutiki. Huenda kwa jirani, na jirani huyo mara nyingi ni yule asiye na fedha ya kujaza kiwanja chake. Wakazi wa kando ya mto Mlalakuwa, unaokatiza Mikocheni kwenda baharini, hawahitaji takwimu kulielewa hilo. Kidimbwi cha msimu kilikuwa ghala la maji ya wote kabla hakijawa uwanja wa mmoja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 za kukatazwa shughuli za kudumu kutoka kingo za mito, maziwa na ufuko, na inayo maneno juu ya ardhi oevu. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2015. Upungufu tunaouona sisi ni wa kalenda. Halmashauri zetu za Kinondoni, Temeke na Mkuranga zingeweza kuamua, bila kungoja sheria mpya, kwamba hakuna kibali cha kufukia bonde la udongo mweusi kitakachotolewa mpaka mtu amelikagua eneo hilo kati ya Aprili na Juni akiwa na wavu. Mjumbe wa shina anajua maji hutuama wapi kila mwaka, aulizwe. Unguja ingefaa ichague mabonde mawili matatu ambako guentheri bado yupo, ipime mipaka, na kuandika katika ramani ya kijiji kwamba hapo halimwi kwa dawa za sumu wala hachimbwi mchanga. Mpunga wa kawaida hauna ugomvi na samaki huyo.

Jambo la mwisho ni la chupa. Sampuli za kwanza za samaki wetu, zile ambazo kila mtaalamu wa dunia hana budi kuzirejea akitaka kujua aina ni ipi, nyingi zimo katika makumbusho ya Ulaya. Hatuna ugomvi na waliozihifadhi vizuri. Lakini Tume ya Sayansi na Teknolojia, inayosimamia vibali vya utafiti, iko Kijitonyama, mwendo mfupi kutoka hapa. Chuo Kikuu kiko mlimani juu yetu. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, iko Kunduchi. Na Unguja ina Taasisi ya Sayansi za Bahari tangu mwaka 1978. Kuanza mkusanyiko wa taifa wa samaki wa msimu hakuhitaji meli wala mkopo. Kunahitaji wavu wa mkono, ndoo nyeupe, chupa za vioo, spiriti, na vijana kumi waliokubali kulowa. Vuli huanza Oktoba, na vidimbwi vya kwanza hujaa kabla Novemba haijaisha.